Kumuuguza mke au mume Marekani bila kupoteza kazi

Tuanze na linalowavunja wengi moyo: likizo ya FMLA (Family and Medical Leave Act, sheria ya Marekani ya likizo ya familia na matibabu) haina mshahara. Sheria hiyo, aliyoitia saini Rais Bill Clinton tarehe 5 Februari 1993, inakupa hadi wiki 12 ndani ya kila miezi 12 za kumuuguza mume, mke, mtoto au mzazi mwenye ugonjwa mzito, na inamkataza mwajiri kukuachisha kazi au kukukatia bima ya afya kwa sababu umezitumia. Hela ya kodi ya nyumba utaitafuta kwingine. Lakini kwa mtu ambaye mkewe anaanza tiba ya saratani huko Columbus, au mumewe anasafishwa figo mara tatu kwa wiki Dallas, mara nyingi bima inayolipa hospitali imetoka kazini. Kazi ikipotea katikati ya matibabu, vyote viwili vimekwenda.

Si kila anayeikosa likizo hii alikuwa hastahili. Wapo wanaonyimwa kwa sababu ya maneno waliyoyasema siku ya kwanza, au kwa fomu iliyorudi kwa mwajiri ina nafasi tupu. Wengine wanapewa, kisha wanazimaliza wiki zote 12 kwa mkupuo mmoja, na ugonjwa ndio kwanza umeanza.

Nani ana haki

Mwajiri binafsi anabanwa na sheria hii akiwa na wafanyakazi 50 au zaidi. Ofisi za serikali na shule za msingi na sekondari zinabanwa bila kujali idadi. Kisha kuna masharti yako wewe: uwe umemfanyia kazi mwajiri huyo miezi 12, si lazima iwe mfululizo, uwe umefanya saa 1,250 ndani ya miezi 12 kabla ya likizo kuanza, na mwajiri awe na wafanyakazi 50 ndani ya maili 75 kutoka kituo chako cha kazi.

Saa 1,250 ni kama saa 24 kwa wiki, mwaka mzima. Zinazohesabiwa ni zile ulizokuwa kazini kweli: ova taimu imo, lakini siku za likizo na sikukuu ulizolipwa ukiwa nyumbani hazimo. Hapo ndipo wanapokwama wenye kazi mbili, na miongoni mwetu ni wengi. Saa 22 kwenye nyumba ya kulea wazee, saa 22 nyingine ghalani. Mtu anafanya saa 44 kwa wiki, amechoka hoi, na bado hastahili kokote, kwa kuwa kila mwajiri huhesabiwa peke yake. Anayejua kuwa mgonjwa wake atapasuliwa baada ya miezi minne, afadhali aongeze zamu upande mmoja tangu sasa, maana hesabu hufanywa kwa siku ambayo likizo inaanza.

Wanaofanya kazi kupitia ajensi wana unafuu usiojulikana sana. Ajensi na kiwanda ilichokupeleka kwa kawaida huhesabiwa kuwa waajiri wa pamoja. Kukupa likizo na kukurudisha kazini ni jukumu la ajensi. Na kiwanda kikija kukuajiri moja kwa moja, miezi na saa ulizofanya pale chini ya ajensi zinaingia kwenye hesabu yako. Ukiambiwa "wewe umeanza juzi tu", toa hati za malipo za ajensi.

Sasa suala la ndoa. FMLA inamtambua mume au mke wa ndoa tu. Mchumba hayumo, hata mkiwa mmeishi pamoja miaka kumi na mna watoto watatu. Tangu kanuni ya mwaka 2015, kinachoangaliwa ni sheria ya mahali ndoa ilipofungwa. Ndoa ya Dar es Salaam, Mombasa au Bukavu inatosha ikiwa ni halali huko na ingeweza kufungwa walau katika jimbo moja la Marekani. Sharti hilo la pili ndilo linalomwacha nje mke wa pili wakati ndoa ya kwanza ipo, maana hakuna jimbo linaloruhusu. Ndoa ya kimila iliyo halali kwa sheria ya nchi yake inafaa. Kinachosumbua huwa ni karatasi. Mwajiri anaruhusiwa kutaka uthibitisho wa uhusiano, lakini kanuni inasema uthibitisho huo unaweza kuwa maelezo mafupi ya maandishi ya mfanyakazi mwenyewe. Ukitoa cheti halisi, una haki ya kurudishiwa.

Waangalifu zaidi wawe waliofunga nikahi hapahapa Marekani bila leseni ya kaunti. Mbele ya Mungu ni ndoa, mbele ya jimbo mara nyingi si ndoa, na siku ya kuomba fomu si siku nzuri ya kuligundua hilo. Texas, Colorado na Iowa ni kati ya majimbo machache yanayotambua ndoa isiyo na cheti. Kwa Texas inatakiwa muwe mmekubaliana kuwa mume na mke, mmeishi pamoja ndani ya jimbo kwa makubaliano hayo, na mmejitambulisha hivyo mbele za watu. Mnaweza pia kusajili tamko lenu kwa karani wa kaunti.

Kaka, dada na wakwe hawamo kwenye orodha. Bibi au babu yumo ikiwa tu ndiye aliyekulea kama mzazi.

Maneno ya siku ya kwanza

Kwetu ugonjwa wa nyumbani hausemwi ovyo. Mtu anampigia msimamizi wake: "Bosi, leo sitakuja, nina dharura ya kifamilia." Kwa sheria hii sentensi hiyo haina kitu ndani yake. Si lazima uitaje FMLA kwa jina mara ya kwanza, lakini lazima useme ya kutosha hadi mwajiri aelewe kwamba huenda likizo hii inahusika. Jina la ugonjwa waweza kulibana. Yanayotakiwa ni haya: mke wangu amelazwa tangu jana, hawezi kujihudumia, daktari anakadiria wiki sita, nitahitaji kukosa zamu kadhaa, naomba fomu za FMLA. Andika hayo kwa barua pepe au ujumbe wa simu kwenda kwa msimamizi na ofisi ya rasilimali watu, na uhifadhi nakala mahali pasipo kwenye kompyuta ya kazini. Kama kampuni ina namba maalumu ya kupiga kabla ya zamu, piga hiyo pia. Kumweleza msimamizi kwa mdomo msalani hakukuachii ushahidi, hata kama ni rafiki yako.

Jambo linalojulikana mapema, kama upasuaji uliopangwa, hutolewa taarifa siku 30 kabla. Lisilojulikana, toa taarifa haraka iwezekanavyo, ambayo kwa kawaida ni siku hiyohiyo au siku ya kazi inayofuata.

Baada ya hapo saa inamgeukia mwajiri. Ana siku 5 za kazi kukuambia kama unastahili, na kukupa maelezo ya haki na wajibu wako, kwa kawaida kwenye fomu WH-381. Akitaka uthibitisho wa daktari, wewe unapata angalau siku 15 za kalenda kuurudisha. Fomu ikiwa na kasoro, ni wajibu wake kukuandikia ni kipi kinakosekana na kukupa siku 7 za kurekebisha. Akisharidhika, ana siku 5 za kazi kukupa barua ya kukubali au kukataa, ambayo ni WH-382. Usianze kulala usingizi kabla hujaiona barua hiyo.

Karatasi ya daktari

Fomu ya mgonjwa wa familia ni WH-380-F. Ile ya WH-380-E ni ya ugonjwa wa mfanyakazi mwenyewe. Zikibadilishana, umepoteza wiki. Fomu haipelekwi Wizara ya Kazi, inarudi kwa mwajiri.

Sehemu yako wewe ni fupi: jina la mgonjwa, uhusiano wenu, aina ya msaada utakaompa na muda unaoukadiria. Kwenye aina ya msaada watu hutia alama kisanduku kimoja cha usafiri, basi. Weka alama kwa yote yaliyo kweli: kumlisha, kumwogesha, dawa, usalama, kumpeleka hospitali, na kumfariji. Kumfariji mgonjwa kisaikolojia kunahesabiwa kuwa kuuguza, na si lazima uwe mtu pekee anayeweza kumhudumia. Ndugu kuwepo nyumbani hakukunyimi haki.

Sehemu ya daktari ndiyo inayoua maombi. Fomu yenyewe inaonya kwamba majibu kama "haijulikani" au "maisha yote" huenda yasitoshe, na bado madaktari huyaandika, kwa sababu wana fomu nyingine arobaini mezani. Kwa hiyo usiiache fomu mapokezi ukaondoka. Ambatisha karatasi ya mistari minne: tarehe ugonjwa ulipoanza, ratiba ya matibabu, siku ambazo mgonjwa huwa hajiwezi, na unachomfanyia siku hizo. Daktari anakili anachokubaliana nacho. Baadhi ya kliniki hutoza ada ya kujaza; hiyo unalipa wewe.

Tuchukue mfano wa mke anayepewa dawa za saratani kwa mishipa kila baada ya wiki 3, mizunguko 6. Ukiandikiwa tu "anahitaji uangalizi wakati wa matibabu", umepewa siku 6 za kliniki na hakuna zaidi. Lakini shida huwa si siku ya dripu. Ni siku mbili tatu zinazofuata, anapotapika na hawezi kufika hata chooni peke yake. Fomu isomeke hivi: siku 1 ya matibabu kila wiki 3, kuanzia tarehe fulani hadi fulani, na baada ya kila matibabu, vipindi vya kutojiweza hadi siku 3 kila kimoja. Kuna nafasi mbili tofauti kwenye fomu kwa ajili ya hayo, moja ya matibabu yaliyopangwa na moja ya vipindi vinavyozuka. Zote zijazwe. Daktari akadirie mwezi mbaya, si mwezi mzuri, ilimradi ni makadirio ya kweli. Fomu ikisema mara moja kwa mwezi na wewe ukakosa mara tatu, mwajiri ana haki ya kuomba uthibitisho mpya kabla ya wakati wake, na ana haki pia ya kumuuliza daktari kama ni kawaida ugonjwa huo kuzuka kila Ijumaa na Jumatatu.

Anayeruhusiwa kuwasiliana na daktari ni mtu wa rasilimali watu, msimamizi wa likizo, mhudumu wa afya au ofisa wa uongozi, kwa ajili ya kuhakiki saini au kufafanua kilichoandikwa. Msimamizi wako wa moja kwa moja haruhusiwi kabisa. Mwajiri akitilia shaka, anaweza kudai maoni ya daktari wa pili, kwa gharama yake.

Sheria inamkubali daktari, mwuguzi mwenye leseni ya kutibu, na wengine kadhaa. Imewataja hata waombeaji wa dhehebu la Christian Science walioorodheshwa Boston. Waganga wetu wa jadi haikuwakumbuka.

Usizimalize kwa mkupuo

Wiki 12 zifikirie kama saa. Anayefanya saa 40 kwa wiki ana saa 480. Mwenye zamu 3 za saa 12 ana saa 36 kwa wiki, kwa hiyo 432. Zamu zikibadilikabadilika, huchukuliwa wastani wa miezi 12 iliyopita.

Ikiwa hali ya mgonjwa inahitaji hivyo kitabibu, una haki ya kuzichukua saa hizo vipandevipande, au kupunguza saa zako kwa muda. Mwajiri hawezi kukulazimisha uchukue kipande kikubwa kuliko anachotumia kwa likizo nyingine, na kwa vyovyote kisizidi saa 1. Mke ana miadi ya saa mbili asubuhi? Unakatwa saa ulizokosa, si siku nzima.

Rudi kwa mke yule wa dawa za saratani, na tuseme mumewe ndiye mwenye zamu 3 za saa 12. Kila mzunguko wa dawa mume anakosa zamu ya siku ya kliniki na zamu 2 zinazofuata, saa 36. Mizunguko 6 ni saa 216, nusu kamili ya 432. Angechukua wiki 12 mfululizo tangu siku ya kwanza, zingemwishia mzunguko wa nne unapomalizika, miwili ikiwa bado, na upasuaji au mionzi ingemkuta hana hata saa moja. Kukaa nyumbani mfululizo kunafaa kwa kiharusi, ajali, au siku za mwisho. Kwa ugonjwa unaokuja na kuondoka ni kujimaliza.

Likizo ya vipande ina gharama zake. Miadi inayopangika unatakiwa ujitahidi kuiweka isiivuruge kazi, na kwa muda huo mwajiri anaweza kukuhamishia nafasi nyingine yenye mshahara na marupurupu yaleyale. Ova taimu ya lazima unayoikosa kwa sababu ya kuuguza inakatwa kwenye akiba yako. Ya hiari haikatwi.

Uliza pia "mwaka" wa mwajiri wako unahesabiwaje. Wengine wanafuata kalenda, Januari hadi Desemba. Wengine wanahesabu kurudi nyuma: kila unapoomba, wanaangalia miezi 12 iliyopita na kutoa ulizotumia. Kwa hesabu hii, saa ulizotumia Machi hazikurudii Januari, zinaanza kurudi kidogokidogo Machi inayofuata. Jibu lazima liwe kwenye maandishi waliyokupa.

Mgonjwa akiwa nyumbani, Afrika

Wengi wetu mwenzi bado yuko Goma au Kigoma anangoja viza. Sheria haisemi mgonjwa awe Marekani. Mwenzi anayeishi nchi nyingine akiugua sana, au mkiwa mmesafiri akaugulia huko, mwajiri analazimika kukubali uthibitisho wa daktari wa nchi hiyo. Fomu ikijazwa kwa Kifaransa au Kiswahili, unatakiwa kutoa tafsiri ya maandishi ukiombwa. Tuma WH-380-F kwa WhatsApp kabla hujapanda ndege, na ijazwe na daktari aliyesajiliwa, mwenye muhuri, namba ya usajili na simu inayopokelewa. Siku 15 huisha haraka hospitali ya rufaa ikiwa na foleni.

Safari yenyewe iwe ya kuuguza. Mahakama ya rufaa ya Boston mwaka 2011 ilimkatalia mwanamke aliyeambatana na mumewe mgonjwa Ufilipino kwa wiki saba kwenye safari ya maombi, kwa kuwa karibu nusu ya muda ilikuwa kutembelea ndugu na marafiki. Mwaka 2014 ile ya Chicago ilimpa haki binti aliyempeleka mama yake, aliye kwenye hatua za mwisho za ugonjwa wa moyo, kutembea Las Vegas, kwa kuwa huko aliendelea kumhudumia kwa lishe, usafi na tiba. Mahali si hoja. Kazi ya kuuguza ndiyo hoja. Anayeunganisha uuguzi na harusi ya mdogo wake, huku picha ziko Facebook, anampa mwajiri hoja ya kumkatalia.

Hela na bima

Siku zako za likizo zenye malipo unaweza kuzitumia sambamba na FMLA, na mwajiri anaweza kukulazimisha. Kisha kuna msaada wa jimbo. California, New Jersey, New York, Washington, Massachusetts, Connecticut, Oregon, Colorado na mengine machache yana mifuko inayolipa sehemu ya mshahara. Minnesota imeingia tarehe 1 Januari 2026. Texas, Ohio na Kentucky hazina mfuko wa namna hiyo.

Majimbo hayo huwa na moyo mpana pia. New York inamtambua mwenzi mnayeishi naye bila ndoa. California, mwajiri mwenye wafanyakazi 5 tu anabanwa na sheria yake ya jimbo, na unaweza kumtaja mtu mmoja wa karibu ambaye si ndugu. Ila elewa kwamba kule California fedha na ulinzi wa kazi ni vitu viwili: fedha unaziomba jimboni kwa fomu DE 2501F, ndani ya siku 41 tangu likizo ianze, na ulinzi unauomba kwa mwajiri. Anayeomba kimoja akidhani kaomba vyote amebaki na pengo.

Bima inaendelea kwa masharti yaleyale, pamoja na mchango wako. Kwa kawaida mchango hukatwa kwenye mshahara; mshahara usipokuwepo, hakuna wa kukata. Kabla ya siku ya kwanza, uliza kwa maandishi: nilipe kiasi gani, kwa njia gani, tarehe ngapi. Ukichelewa zaidi ya siku 30 mwajiri anaweza kuikata, baada ya kukutumia barua siku 15 kabla. Barua hiyo huenda nyumbani, na wewe uko wodini.

Kurudi

Unarudi kwenye nafasi yako au inayolingana nayo kwa mshahara, zamu, marupurupu na majukumu. Hutakiwi cheti cha kuonyesha kwamba wewe ni mzima. Hicho ni cha aliyekuwa anaumwa mwenyewe. Maghala mengi yana pointi za utoro. Siku ya FMLA haiwezi kupewa pointi, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi angalia rekodi yako, na ukiikuta pointi ilalamikie siku hiyo kwa maandishi. Kwa upande mwingine, kama kiwanda kimepunguza wafanyakazi na wewe ungepunguzwa hata ungekuwa kazini, likizo haikukingi.

Kuna jambo gumu kulisema ila lisemwe: mgonjwa akifariki, likizo ya kuuguza inaishia hapo. FMLA haina siku za msiba, wala za kusafirisha mwili. Siku hiyohiyo omba likizo nyingine: California inatoa siku 5 za msiba kwa waajiri wenye wafanyakazi 5 na zaidi, Illinois siku 10 za kazi zisizo na malipo kwa waliobanwa na FMLA. Katika majimbo mengi hutegemea sera ya kampuni au siku zako zilizobaki.

Haki ikivunjwa, idara ya mishahara na saa za kazi ya Wizara ya Kazi inapokea malalamiko kwa simu 1-866-487-9243, bure, kwa siri, bila kujali karatasi za uhamiaji, na ukitaka mkalimani wa Kiswahili utapewa. Kufungua kesi mahakamani kuna muda wa miaka 2 tangu kosa lilipotendeka, au 3 ikiwa mwajiri alivunja sheria makusudi. Uwe na tarehe, nakala za fomu, ile barua pepe ya kwanza, na hati za malipo za miezi 12.